Meli ya usiku, boti ya asubuhi au ndege: njia za Pemba tukizipima kwa mambo ya jamaa

Ukisimama gatini Malindi, bandari ya Mjini Unguja, Dar es Salaam iko karibu nawe kuliko Pemba. Dar ni kiasi cha kilomita 75. Mkoani, bandari ya kusini ya Pemba, inapindukia 100, na Wete, bandari ya kaskazini, inafika kama 135. Ramani inavichora visiwa viwili kama ndugu walioshikana mikono, lakini baina ya Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, na ncha ya kusini ya Pemba kuna kama kilomita 50 za bahari ya wazi, na ndani yake mkondo ambao mabaharia hawaufanyii mzaha. Ukiwa Wete hesabu inazidi kupinduka. Tanga ni kilomita 70 upande wa magharibi, na Mombasa ni kama 110. Kwa njia ya maji, mtu wa Wete anafika Kenya kabla hajafika Mjini. Ndiyo maana ukoo mmoja unakuta una watu Konde, Tanga, Mombasa na Kilifi. Wale wa Kenya waliishi miaka mingi bila vitambulisho mpaka serikali yao ilipowatambua rasmi mwaka 2023.

Kwa hiyo hatutauliza hapa chombo kipi kina viti laini au televisheni kubwa. Abiria wa Pemba mara nyingi anakwenda kuzika, kuoza binti, kumtazama mzazi aliyejifungua, kusoma hitma, kumpeleka mtoto skuli. Au haendi kabisa, anatuma gunia. Chombo tunakisifu kikimfikisha kabla jambo halijapita, na tunakilaumu akifika watu wamekwisha kukunja majamvi.

Njia ziko tatu. Meli kubwa za usiku huondoka Malindi baada ya Isha, kwa kawaida baina ya saa tatu na saa nne, na alfajiri ziko Pemba. Boti za kasi huondoka asubuhi. Ndege ndogo zinakwenda mchana na hazichukui zaidi ya nusu saa hewani. Safari za Pemba si za kila chombo kila siku, basi uulize siku kabla ya kuuliza saa, na uulize pia chombo kinafunga wapi. Kuna wanaokata tiketi ya "Pemba", wakashuka Mkoani saa kumi na mbili asubuhi na jamaa zao wanawangojea Wete.

Kwanza meli ya usiku, kwa sababu ndiyo chombo cha jamaa hasa. Anayeitazama kwa saa tu huiona ya kizamani. Mkoani ni kama maili 55 za bahari; chombo cha noti 12, yaani maili 12 za bahari kwa saa, kinazimaliza kwa saa nne na nusu, cha noti 25 kwa saa mbili na robo. Lakini mfanyakazi wa Mjini anayepanda meli Ijumaa usiku hakupoteza hata siku moja ya kazi. Alfajiri anasali msikitini kwao, Jumamosi anashinda na wazee, na ratiba ikimruhusu Jumatatu yuko kazini. Boti ya asubuhi inamlia siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, hata kama baharini alikaa saa tatu tu. Mwenye likizo ya siku 28 kwa mwaka anaijua tofauti hiyo vizuri.

Meli ya serikali, MV Mapinduzi II, iliyoletwa kutoka Korea Kusini mwishoni mwa 2015, ilijengwa kuchukua abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Ukubwa huo ndio faida ya meli za aina hii. Mrama wake ni wa polepole, mtoto analala, mzee anajinyoosha. Daraja la chini linatosha kwa mwenye mkeka, shuka nzito na mto mdogo. Asiyekuwa na mkeka atalala kwenye chuma, na chuma cha meli usiku wa kusi, upepo wa kusini, kina baridi isiyofanana kabisa na joto la Malindi mlilotoka nalo. Tandika mbali na mlango wa choo na mbali na ngazi. Chooni nenda mapema, kabla ya Nungwi. Baada ya saa sita usiku sakafu imerowa na maji ya kunawia hayana uhakika. Chakula chukua chako.

Kinachoharibu sifa ya safari hii ni kushuka. Abiria wote wanasimama kabla kamba haijafungwa, wachukuzi wanapanda juu wakati watu wanateremka, na begi linaondoka begani mwako kabla hujakubaliana bei. Mwenye watoto na mizigo akae. Dakika kumi na tano za subira zinamwokolea mambo mengi, na gari za Chake Chake, mji wa katikati ya kisiwa, zitakuwepo tu: namba 603 ndiyo ya Mkoani na Chake, 606 ya Chake na Wete, 602 ya Konde. Usipande gari ya kwanza kwa sababu imejaa na iko tayari. Mzigo wako ukiwa juu ya paa la gari nyingine, utakuwa umesafiri salama usiku kucha ukapotea mchana kweupe.

Boti ya kasi tunaisifia mtu mmoja mwenye begi moja. Ndege tunaisifia mambo mawili tu, na la kwanza ni msiba.

Simu ya saa nane usiku

Waislamu wanazika haraka, na msiba wa Pemba hauna desturi ya kumweka maiti siku tatu akingojea mtoto wa mbali. Hesabu basi ni hii. Mtu akifariki jioni na habari ikafika Mjini kabla ya saa mbili usiku, na siku hiyo kuna meli, acheni kila kitu mpande meli. Inachukua watu ishirini wa ukoo kwa pamoja, inawafikisha asubuhi mapema, na hata mazishi ya saa nne mtayawahi.

Akifariki saa nane usiku, meli imekwenda. Boti ikiondoka saa moja asubuhi, ifikirie Mkoani baina ya saa tatu na nusu na saa nne na nusu kwa namna bahari ilivyo. Kutoka gatini mpaka kwenye gari ni nusu saa. Mpaka Chake weka saa moja na zaidi, na Wete au Konde ongeza tena saa moja na kitu. Kwa hiyo mtu wa Mkoani atazika Adhuhuri. Mtu wa Konde au Micheweni asijidanganye: Adhuhuri haipati, Alasiri anaipata. Ndege ya asubuhi inabadilisha jambo hili, kwa sababu kiwanja kiko karibu na Chake, katikati ya kisiwa, na kaskazini unafika ukiwa bado na nafasi ya kutia udhu.

Ubaya wa ndege si bei peke yake. Ndege nyingi za njia hii ni ndogo. Cessna Caravan inachukua abiria kumi na wawili au kumi na watatu, na asubuhi ya msiba nusu ya viti vina wenyewe tayari. Ukoo mzima haupandi. Ni lazima kuchagua nani aende, na kuchagua huko ndiko kunakoleta maneno baadaye. Ushauri wetu ni mkavu: viti vikiwa viwili, wapande watoto wa marehemu, si wenye pesa ya tiketi. Waliobaki watawahi hitma ya siku ya tatu kwa meli, na huko ndiko msaada wao unahitajika zaidi, maana wa siku ya kwanza wako wengi.

Jambo moja dogo lina uzito kuliko chombo chenyewe. Mtu mmoja tu upande wa Pemba awe ndiye anayezungumza na walio safarini na kuwapa habari wazee na imamu. Anayetaka asubiriwe aseme chombo na saa ya kufika: "Ami, niko kwenye boti ya saa moja, nashuka Mkoani." Asiseme "niko njiani". Kwa neno hilo watu wameshikilia jeneza mpaka jua likazama, kumbe aliye njiani alikuwa bado anatafuta tiketi Malindi.

Maiti anaposafirishwa kutoka Mnazi Mmoja kwenda kwao, anakwenda kwa meli ya usiku. Karatasi za hospitali ziwe mkononi, na mazungumzo yafanywe na ofisi ya meli yenyewe mchana, si na karani wa dirishani saa moja kabla ya kung'oa nanga.

Bahari na kiti

Abiria wengi wanadhani kichefuchefu ni bahati. Si bahati. Kutoka Malindi mpaka Nungwi chombo kinapita upande wa magharibi wa Unguja, na upepo wa kusi, unaotawala kuanzia mwezi wa tano au sita mpaka wa tisa, unakingwa na kisiwa. Saa ya kwanza ni shwari, watu wanakula na kucheka. Kisiwa cha Tumbatu kikibaki nyuma upande wa kulia na taa ya Nungwi ikapita, kinga inakwisha. Hapo upepo na mkondo vinakutana na mawimbi yanapanda ghafla. Anayemeza dawa wakati huo amechelewa, maana inataka kiasi cha saa mbili kabla haijafanya kazi, na akiitapika ndiyo imekwenda.

Kwa mtu mzima, vidonge vya sinarizini (wengi wanavijua kwa jina la Stugeron) humezwa viwili vya miligramu 15 saa mbili kabla ya safari. Vinaleta usingizi, basi anayefika na kuendesha gari asivimeze. Mwenye mimba na anayetumia dawa nyingine aulize kwanza hospitali. Tumbo lisiwe tupu wala lisijae: mkate mkavu, biskuti, chai ya tangawizi bila maziwa. Supu ya asubuhi ya Darajani iache mpaka urudi.

Kiti kizuri ni cha chini, katikati ya chombo au nyuma kidogo. Chombo kinacheza kama upembea: katikati hapasogei sana, ncha ndizo zinazopanda na kushuka. Na hapa kuna kichekesho. Kwenye boti nyingi za kasi, daraja la juu lenye bei kubwa liko juu na mbele, mahali panapotikisika kuliko pote. Wakati wa kusi tiketi ya bei ya chini ni safari bora, na hatusemi hivi kwa ubahili. Nje, kaa demani, upande usiopigwa na upepo. Ukikaa joshini utarowa, na jirani yako akitapika utapata mgao.

Mwelekeo nao una hesabu yake. Wakati wa kusi upepo unatoka kusini na Pemba iko kaskazini, hivyo kwenda unasukumwa na kurudi unapigana nao. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, mambo yanageuka, ingawa kaskazi kwa jumla ni mpole. Walio na hiari ya kuchagua, mathali wanaopanga arusi, watazame tangambili, vipindi vya katikati ya pepo hizi mbili, hasa Oktoba na Novemba. Mwezi wa nne pia upepo unapungua lakini mvua ya masika inawaharibia turubali. Mgonjwa na mzee wa miaka themanini wasipelekwe kwa boti ya kasi mwezi wa saba. Boti hizi ni za matumbo mawili. Mawimbi yakija ya pembeni zinajipinda kwa haraka, na kiuno cha mzee hakistahimili.

Hapa ndipo sifa ya pili ya ndege: mgonjwa anayekaa lakini hatakiwi kutikiswa. Asiyeweza kukaa anahitaji kitanda, basi maneno yanarudi kwenye meli, na chumba kiombwe siku mbili tatu mbele. Kumbukeni pia kwamba si kila mgonjwa wa Pemba lazima avuke. Hospitali ya Abdalla Mzee iko hapo hapo Mkoani, ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa tena 2016. Jamaa wa Mjini hupenda kumwambia mama "njoo tukutibu huku" kabla hata hajaonwa kule, na safari inamchosha kuliko maradhi.

Binti wa mimba ya kwanza anayerudi kwao kuzaa, kama ilivyo desturi, avuke mapema, mwezi wa saba wa mimba usipite. Baada ya wiki ya 28 ndege nyingi zinataka barua ya daktari, na baada ya ya 36 zinakataa. Wengine wanafanya kinyume, bibi ndiye anayevuka kuja Mjini kukaa na mzazi mpaka arubaini. Tukiulizwa tutasema hili la pili ni bora kila linapowezekana. Bibi anasafiri na pilipili manga yake na mafuta ya nazi, na asiposafiri na mtu aketi karibu na familia yenye watoto, watamsaidia bila kuombwa.

Arusi na sikukuu

Msafara wa arusi ni wa meli ya usiku, hilo halina mjadala. Makosa huwa mawili. La kwanza ni majina. Tiketi inakatwa kwa jina la kitambulisho, na karani hamjui "Bi Mkubwa" wala "Mama Chumu". Kusanyeni picha za vitambulisho vya watu wote kwenye simu ya mtu mmoja wiki moja kabla, muangalie na watoto. Hata mtoto mchanga wa mwezi mmoja aandikwe. La pili ni kuchanganya watu na vyombo. Kitanda, kabati na godoro vitangulie kwa safari ya mzigo, siku nne tano kabla. Siku ya msafara mikono ibakie kwa masanduku ya nguo na keki. Keki, kwa faida ya wanaoibeba magotini usiku kucha: iwekeni chini sakafuni, katikati ya chombo, juu ya kitambaa kilichorowa na kukamuliwa vizuri. Kitambaa hicho kinazuia boksi lisiteleze. Magotini itaanguka mbebaji akisinzia.

Sikukuu ni hadithi nyingine. Kumi la mwisho la Ramadhani tiketi za kwenda Pemba zinakauka, lakini tiketi ngumu zaidi ni ya kurudi, kwa sababu watu wanaondoka Mjini kwa siku kumi tofauti na wanataka kurudi kwa siku mbili. Kata zote mbili kwa pamoja. Na chombo kikijaa, kimejaa. MV Spice Islander I ilikuwa na nafasi ya abiria 645. Usiku wa Septemba 9 kuamkia 10, 2011, siku chache baada ya Idi, ilitoka Malindi kwenda Pemba ikiwa imepakia watu na mizigo kupita kiasi, ikazama karibu na Nungwi. Waliokufa ni mamia kwa mamia, na kuwahesabu kulikuwa kugumu kwa sababu wengi hawakuandikwa popote. Mwaka uliofuata, Julai 18, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar. Kwa hivyo anayemwomba karani "mtie tu huyu, ni mtoto wa ndugu yangu" ajue anachoomba. Ukipanda, tazama jaketi za kuokolea ziko wapi, na kama kuna za watoto. Ukiona njia ya kutokea imezibwa na magunia, sema kabla kamba hazijafunguliwa.

Gunia

Sasa mzigo, ambao kwa maoni yetu ndio huduma kubwa kuliko zote za meli hizi. Familia nyingi zinaonana mara mbili kwa mwaka lakini zinakula chakula kimoja kila wiki: ndizi, muhogo, mashelisheli na samaki mkavu kutoka Pemba, na kutoka Mjini dawa, nguo, sabuni na daftari. Simu inaleta sauti. Gunia linaleta harufu ya nyumbani.

Kuna njia mbili za kutuma. Ya ofisi: mzigo unapimwa, unalipiwa, unapewa karatasi. Ya mkononi: unampa abiria au baharia unayemjua. Ya mkononi ni rahisi na haifai kwa kitu chenye thamani wala kinachooza, maana baharia ana mizigo ishirini ya namna hiyo na simu moja yenye chaji ndogo. Dawa zinazotaka baridi, simu, pesa taslimu, nyaraka za shamba: ofisini, na karatasi ipigwe picha itumwe kwa mpokeaji usiku ule ule. Pesa siku hizi hakuna haja ya kuzitia kwenye bahasha, zinakwenda kwa simu.

Anwani ndiyo inayopoteza mizigo mingi kuliko wizi. "Pemba, kwa Asha" si anwani. Andika jina kamili, lakabu anayojulikana nayo, kijiji, namba mbili za simu, na kwa herufi kubwa kabisa bandari ya kushukia: MKOANI au WETE. Karatasi inang'oka na maji yanaifuta. Kata kitambaa cheupe, andika kwa makapeni, kishone juu ya gunia au polo, kisha andika tena upande wa pili. Ndani weka karatasi nyingine yenye maneno yale yale, ili likifunguka mzigo ujulikane wa nani. Mabegi yale ya miraba ya shangazi kaja yanafanana yote duniani. Funga utambaa wa rangi kwenye mkono wa begi, la sivyo mtachukua la wenyewe.

Kila kitu kina namna yake. Mkungu wa ndizi ukatwe umekomaa lakini bado mbichi kabisa, uzungushiwe majani makavu ya mgomba na ufungwe kwa kamba. Ukikatwa umeanza kugeuka rangi utafika umepondeka, maana mizigo mingine italala juu yake. Shelisheli lichumwe na kikonyo chake, liachwe utomvu ukauke, na lipande meli siku ile ile, kwani baada ya siku mbili tatu linalainika. Ndani ya pakacha, si ndani ya kiroba: pakacha linapumua. Shokishoki likikauka linakuwa jeusi nje ingawa ndani zima, basi weka majani mabichi yaliyorowa chini na juu. Fenesi liende zima; la kupasuliwa halistahimili usiku. Doriani usiipeleke uwanja wa ndege. Huko pia mzigo wako wote ni kilo 15, kwa begi laini, na mzani hauna huruma.

Mafuta ya nazi, samli na asali vinataka dumu. Usijaze mpaka mdomoni, acha nafasi ya vidole viwili, kwa sababu joto la tumbo la meli linavimbisha mafuta na kifuniko kinasukumwa. Chini ya kifuniko tia kipande cha nailoni nene, kaza, kisha lipindue dumu usiku mzima kwako nyumbani kabla ya kulipeleka bandarini. Kama litavuja, livuje kwako. Samaki mbichi aende kwenye boksi la barafu lisilotoa maji. Maji ya samaki yakishuka kwenye mchele wa mtu ni ugomvi wa haki, na ofisi hukataa mzigo unaodondoka. Papa na ng'onda vifungwe gazeti, kisha kitambaa, kisha gunia, viwe mbali na nguo za sikukuu za mtoto. Halua ya Wete haina shida, ila mwambie mpokeaji imo, ama itaishia bandarini.

Karafuu usitume, hata kilo moja ya kutia kwenye chai. Karafuu kavu mnunuzi wake ni shirika la serikali, ZSTC, peke yake, na gunia lako lote litazuiwa kwa sababu ya mfuko mmoja. Mifuko ya plastiki nayo imepigwa marufuku Zanzibar tangu 2006. Tumia kikapu au karatasi.

Godoro la mwanafunzi anayekwenda chuoni Tunguu, Unguja, tunalitaja peke yake kwa sababu kila mwaka ni vurugu ile ile. Likunjwe, lifungwe kamba sehemu tatu, livikwe gunia lililoshonwa. Likienda wazi linarowa gatini, na godoro lililorowa maji ya chumvi halikauki mpaka mtihani wa mwisho. Kwa kweli ni afadhali kumtumia pesa akanunue huko huko, sokoni Mwanakwerekwe.

Upande wa kupokea ndipo tunapotoa alama za chini. Mizigo inateremshwa kwa namna ilivyopakiwa, si kwa namna ilivyoandikwa. Kivuli hakitoshi, na saa mbili za jua zinamaliza kazi ambayo barafu iliifanya usiku kucha. Mpokeaji awepo meli inapofunga, si baada ya chai. Awe na picha ya karatasi na picha ya gunia lenyewe. Alifungue hapo hapo mbele ya karani kama kamba imebadilika. Akiondoka nalo, hakuna atakayemsikiliza. Akichelewa, mzigo unawekwa ndani na kuutafuta ni kazi ya nusu siku.

Kutoka Tanga hatuna mengi ya kusifia. Umeme wa Pemba unavuka kutoka huko kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, saa ishirini na nne, lakini mtu wa Wete mwenye dada Tanga bado anategemea vyombo vichache au anazunguka kwa Unguja na Dar. Mashua zipo. Hatuzipendekezi kwa mama mwenye watoto, wala kwa yeyote wakati wa kusi.

Vyombo vitupu navyo vinarudi, na havirudi vitupu: aliyepokea dumu la asali hulirudisha lina mafuta ya kupikia au sukari. Kabla ya hapo lioshwe kwa maji ya moto na ndimu mara mbili, na lianikwe mdomo wazi siku nzima. Lililobeba mafuta ya taa au maji ya samaki lisirudi kwenye chakula hata likioshwa mara kumi. Litieni alama nyekundu, liwe la kumwagilia.